Kugoma kuwaka na kuzimika kwa magari ya zamani

Kugoma kuwaka na kuzimika kwa magari ya zamani ni matatizo mawili yanayozipata hasa injini za petroli zenye kabureta na distribyuta, yaani injini za kabla ya mifumo ya kompyuta kuenea katika miaka ya 1980 na 1990. Gari linalogoma haliwaki kabisa. Gari linalozimika huwaka vizuri, kisha injini hufa ghafla likiwa limesimama au liko njiani. Sababu nyingi ni ndogo na huondolewa kwa kusafisha au kurekebisha, lakini dalili zake hufanana. Kwa hiyo ukaguzi hufuata mpangilio: kwanza umeme wa kuzungusha injini, pili cheche, tatu petroli, na mwisho mgandamizo wa silinda.

Mazingira ya pwani

Chwaka ni kijiji cha uvuvi na kilimo cha mwani katika Mkoa wa Unguja Kusini, kando ya ghuba yenye jina hilohilo, karibu kilomita 30 mashariki ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa miaka mingi abiria wa vijiji vya Unguja walisafiri kwenda mjini kwa malori ya Kiingereza, kama Bedford, yaliyoundiwa bodi za mbao na mabenchi. Magari madogo kama Morris Minor, na Land Rover za mwanzo, yote yaliyoanza kuuzwa mwaka 1948, yalienea pia Afrika Mashariki.

Katika kijiji cha pwani kama hiki, gari la umri huo hushambuliwa na hewa yenye chumvi na unyevu. Chumvi hula maungio ya nyaya, na unyevu wa masika huingia ndani ya distribyuta. Hivyo gari lililokuwa zima bara linaweza kuanza kusumbua baada ya kukaa muda ufukweni bila sehemu yoyote kuvunjika.

Injini isiyozunguka

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa huonyesha takriban volti 12.6. Njia rahisi ya kupima ni kuwasha taa za mbele kisha kujaribu stata. Taa zikififia sana, betri imeisha au maungio yake ni mabaya. Taa zikibaki na mwanga uleule na stata isisikike, kosa hutafutwa kwenye swichi au kwenye waya unaokwenda kwenye stata.

Kabla ya kununua betri mpya, vichwa vya betri husuguliwa hadi ving'ae. Waya mnene unaounganisha betri na bodi hukaguliwa pia, pamoja na ule unaounganisha injini na bodi. Huo wa pili husahaulika mara nyingi, na pwani ndio unaoliwa na kutu mapema.

Morris Minor na magari mengine ya Kiingereza ya enzi hiyo yalifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na magari ya sasa. Anayefunga betri bila kulijua hilo anaweza kuharibu dinamo na kidhibiti chake.

Injini inayozunguka bila kuwaka

Plagi moja hufunguliwa na kutazamwa. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, ama cheche haipo ama petroli imezidi, mara nyingi kwa sababu choki imeachwa imefungwa.

Ili kupima cheche, plagi huunganishwa tena na waya wake, hushikwa kwa koleo lenye mpini usiopitisha umeme, kisha huegemezwa kwenye chuma cha injini wakati mtu mwingine anapiga stata. Cheche nzuri ni ya buluu na husikika. Ikiwa dhaifu au haipo, kifuniko cha distribyuta hufunguliwa, hukaushwa na kukaguliwa kama kina ufa. Kisha hutazamwa pointi, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili koili itoe umeme mkali. Pointi zilizoungua husafishwa na nafasi yake kupimwa. Kwenye Morris Minor nafasi hiyo ni karibu milimita 0.4.

Cheche ikiwa nzuri na plagi ni kavu, mpira wa petroli huchomolewa kwenye kabureta na kuelekezwa ndani ya chombo. Injini ikizungushwa, au swichi ikifunguliwa kwa magari yenye pampu ya umeme, petroli itoke kwa nguvu. Isipotoka, hukaguliwa tangi, chujio na pampu. Ikitoka, tatizo liko kwenye kabureta, aghalabu jeti iliyoziba. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha utando unaoziba jeti hizo.

Injini inayozimika njiani

Muda wa kuzimika huonyesha chanzo:

* Ikizima baada ya kilomita chache na kuwaka tena ikipumzishwa, kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi huenda kimeziba. Kifuniko kikifunguliwa na hewa ikasikika ikivutwa ndani, sababu imepatikana. Kutu ya tangi huleta dalili hiyohiyo: huvutwa hadi kwenye bomba, kisha hutuama gari likisimama.
* Ikizima ikiwa na joto kali, hushukiwa koili au kondensa ya distribyuta. Petroli pia inaweza kuchemka ndani ya bomba lililo karibu na injini, na mvuke wake ukazuia mtiririko.
* Ikizima kila inaposimama, jeti ya mwendo mdogo imeziba au hewa inapenya kwenye gasketi chini ya kabureta.
* Ikizima kwenye mvua au dimbwi, nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta vimelowa.

Mgandamizo na petroli isiyo na risasi

Injini yenye cheche na petroli lakini ngumu kuwaka huenda imepoteza mgandamizo. Nchi za Afrika kusini kwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 uuzaji wake ulikuwa umekoma karibu kote. Mabadiliko hayo yaliokoa afya za watu, hasa watoto. Lakini baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi kulinda viti vya valvu. Viti hivyo vikilika, valvu hazifungi sawasawa. Dawa yake ni kuweka viti vya chuma kigumu wakati wa kufungua kichwa cha injini.

Usalama

Vipimo vya cheche na vya petroli havifanywi kwa wakati mmoja, kwa kuwa mvuke wa petroli hulipuka kwa cheche ndogo. Plagi ipimwe mbali na tundu lake na mbali na petroli iliyomwagika. Gari lililozimika usiku kwenye barabara isiyo na taa lisukumwe kwanza hadi pembeni na liwekewe alama kabla ya boneti kufunguliwa. Gari linalozimika mara kwa mara lisibebe abiria hadi chanzo kijulikane.