Trekta limevuka Namanga, mnunuzi amerudi na lawama

Mkulima wa Kajiado amevuka Namanga hadi Arusha kutafuta trekta lililotumika. Amelikuta linaunguruma, wakavutana bei, akalipa, akaondoka. Wiki mbili baadaye anapiga simu: haidroliki hainyanyui jembe, anataka fedha zake. Muuzaji anasema ulilijaribu mwenyewe. Hakuna mwenye karatasi, na kati yao kuna mpaka.

Wauzaji wa zana za kilimo wanalijua sakata hili. Mnunuzi msumbufu hudhibitiwa kabla fedha hazijabadilisha mikono. Zikishapita, kinachobaki ni kubishana.

Anza na ukaguzi. Mwambie mteja aje na fundi wake, na injini aikute imepoa. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka, na mteja akigundua baadaye atakuita tapeli. Mfungie jembe, alime mistari michache. Ubovu unaoujua, utaje na uuandike: tairi lililochakaa, oili inayovuja, mita ya saa iliyokufa. Utapunguza bei kidogo, lakini utalala.

Yupo pia anayekubali bei kwa simu, kisha akifika anaanza kushusha upya huku lori la kubebea linasubiri. Huyu atume kishika uchumba kwanza, na mwandikiane bei, siku ya mwisho ya kumalizia, na kama fedha hiyo itarudi akighairi.

Wa mali kauli, anayeahidi kumalizia akivuna, ndiye hatari zaidi. Trekta likishavuka, kulifuata ni nauli, wakili na siku za kazi zilizopotea. Kadi ya umiliki ibaki kwako hadi shilingi ya mwisho ionekane benki. Picha ya risiti kwenye simu si fedha.

Ugomvi mwingine huzuka dirisha la forodha. Wengi wamezoea cheti rahisi cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Trekta lililoundwa Uingereza au India haligeuki la Afrika Mashariki kwa kulima Arusha miaka kumi. Mnunuzi asiyelijua hilo atakupigia kutoka mpakani akidai umgawie kodi. Mpeni wakala wa forodha nyaraka mapema awakadirie gharama, kisha muandike nani analipa kodi, nani usafiri, na nani anabeba hasara likiharibika njiani.

Mkataba ukurasa mmoja unatosha: namba ya chasisi na ya injini, kasoro zilizotajwa, bei na sarafu yake, sahihi za pande mbili na mashahidi. Kama mmekubaliana linauzwa kama lilivyo, liandikwe hivyo.

Na lawama zikija hata hivyo, sikiliza kwanza. Fundi akikuta kosa ni lako, changia spea. Mteja huyo ana majirani wanaotafuta trekta.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ya kuvuka mpaka hupotea mbali zaidi.