Kwa nini seli shina hazikai moyoni, na jeli inasaidiaje

Mtu akipata mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha misuli ya moyo huziba, na ndani ya saa chache seli za misuli hufa kwa mamilioni, hata kukaribia bilioni moja. Moyo si kama ngozi. Utafiti wa Karolinska, Uswidi, uliotoka 2009, ulikadiria kwamba ukiwa na miaka 25 unafanya upya takriban asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka, na ukifika 75 ni chini ya nusu ya hapo. Palipokufa panaota kovu, na kovu halidundi.

Basi likaja wazo la kuchoma seli shina pale pale palipoharibika. Tatizo, nyingi hazikai. Mara nyingi, baada ya siku chache, haibaki hata moja kati ya kumi. Hebu fikiria safari yake: imeelea kwenye majimaji, inasukumwa kwenye tundu jembamba la sindano (nyingine zinapasuka humo humo), halafu inatua kwenye msuli unaojikamua mara laki moja kwa siku. Msuli wenyewe unazitema nje, au damu inazibeba. Zilizobaki zinakosa oksijeni na pa kushika, na seli ya aina hii ikikosa pa kushika hujiua.

Hapo ndipo haidrojeli inapoingia, yaani nyuzi za molekuli zilizofumana na kubeba maji mengi. Ujanja ni iwe majimaji sindanoni, ikaze moyoni. Aligineti, inayotoka kwenye mwani wa kahawia, hukaza ikikutana na kalsiamu. (Mwani unaolimwa Zanzibar ni mwekundu, wenyewe hutoa karajinani.) Nyingine ni kama tomato sosi: ukiminya inatiririka, ukiacha inatulia.

Ninayoipenda mimi ni ya Karen Christman wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Anachukua msuli wa moyo wa nguruwe, anauosha kwa sabuni hadi seli zote zitoke, kisha kiunzi kinachobaki kinasagwa na kuyeyushwa. Kwenye joto la chumba ni majimaji. Kwenye joto la mwili inakuwa jeli. Matokeo ya jaribio la kwanza kwa binadamu, wagonjwa 15, yalitoka 2019, lengo kuu likiwa kupima usalama.

Lakini angalia: jeli hiyo ilichomwa tupu, bila seli hata moja. Na siku hizi wengi wanaona kwamba seli shina husaidia zaidi kwa kemikali zinazotoa kuliko kwa kugeuka msuli. Kwa hiyo swali gumu sasa ni kama jeli inahitaji seli nzima, au kemikali zake tu.