Homa ya ini: Adui asiyebisha hodi

Mtu aweza kuishi na virusi vya homa ya ini aina ya B miaka mingi bila kuhisi maumivu. Ndivyo ilivyo kwa baadhi ya Wakorea waliohamia Los Angeles, Marekani. Korea Kusini iliingiza chanjo hii katika mpango wa taifa wa watoto wachanga mwaka wa 1995. Wengi walio na virusi walizaliwa kabla ya hapo, wakaambukizwa na mama zao.

Mwenye duka dogo, asiye na bima wala Kiingereza cha kumweleza daktari, hungoja. Mwishowe ini laweza kushikwa na saratani.

Kula sahani moja hakuambukizi. Kipimo ni cha damu. Aliye navyo huangaliwa na daktari, na ikibidi hupewa dawa. Asiye navyo huchanjwa. Usingoje macho yageuke manjano.