Fahamu: MERS hutambuliwaje kwa msafiri?

Hujaji aliyerejea Mazimbu, Morogoro, kutoka Makka akishikwa na homa, wengi hufikiria malaria kwanza. Apimwe malaria, lakini uchunguzi usiishie hapo, kwani huenda ni MERS.

MERS ni nini?
Ni ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na kirusi cha korona kilichogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012. Ngamia ndio chanzo kikuu. Hata ngamia wa Kenya wamekutwa na kingamwili za kirusi hicho. Kati ya wagonjwa 100 waliothibitishwa duniani, takriban 35 wamefariki.

Dalili zake ni zipi?
Homa, kikohozi na kupumua kwa shida, wengine huharisha. Hujitokeza siku 2 hadi 14 baada ya maambukizi. Wazee, wenye kisukari na wagonjwa wa figo huzidiwa haraka.

Huthibitishwaje?
Kwa kipimo cha PCR. Makohozi kutoka ndani ya mapafu hutoa majibu ya uhakika kuliko sampuli ya puani. Jibu hasi likipingana na dalili, kipimo kirudiwe.

Kwa nini safari itajwe?
Mwaka 2015, msafiri mmoja aliyetoka Mashariki ya Kati alipita vituo kadhaa vya afya Korea Kusini kabla ya kutambuliwa. Mlipuko wa MERS uliofuata ulikumba watu 186, 38 walifariki.

Ufanye nini?
Vaa barakoa, wahi hospitali, na mweleze daktari mapema ulikotoka na kama uligusa ngamia au kunywa maziwa yake mabichi. Ukihitaji ushauri, piga 199 bure. Maelezo ya safari yako yanaweza kuokoa familia yako na wahudumu wetu wa afya.