Dakika za Asubuhi ni Mali ya Nani?



Siku ya kazi haianzi king'ora kinapolia. Huanza mtu anapofumbua macho, mwili ukiwa bado mzito, na akili ikikumbuka uchovu wa jana. Kila mmoja wetu ana njia yake ya kujitia nguvu wakati huo. Mwingine husali, mwingine huimba wimbo wa utotoni huku akikoka moto, mwingine hujinyoosha mlangoni na kuangalia mawingu. Hayo si mambo madogo. Nguvu anayoijenga mfanyakazi asubuhi ndiyo atakayoiuza mchana kutwa.

Kwa hiyo yafaa tuulize: nguvu hiyo ikishajengwa, ni mali ya nani? Na mwajiri akitaka tuijenge pamoja, kwa amri yake na ndani ya uwanja wake, dakika hizo atazilipa nani? Wafanyakazi wenzetu wa Japani wamekutana na maswali hayo, na habari zao zina mafunzo kwetu.

MAZOEZI YA REDIO

Huko Japani, kila siku saa 12 na nusu asubuhi, redio ya taifa hupiga muziki wa piano na sauti ya mtu huhesabu. Wanaosikiliza hufuata mazoezi ya viungo, majumbani au katika bustani za mji. Mazoezi yenyewe ni ya aina 13, na huchukua muda wa dakika tatu hivi. Huanza kwa kuinua mikono juu na kujinyoosha, na huisha kwa kuvuta pumzi ndefu.

Mpango huo ulianza tarehe 1 Novemba, 1928. Walioubuni hawakuwa wafanyakazi, bali maofisa wa idara ya serikali iliyokuwa ikiuza bima ya maisha kwa njia ya posta. Walikuwa wameona mfano Marekani, ambako kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya New York ilikuwa ikitangaza mazoezi redioni tangu 1925. Hesabu yao ni rahisi kuielewa: mwenye bima akiishi miaka mingi, huendelea kulipa ada, na fidia ya kifo huchelewa kudaiwa. Hata hivyo aliyefanya mazoezi alipata faida yake. Jambo moja laweza kumfaa mwenye fedha na mtu wa kawaida pia, lakini hapana budi kujua nani amelianzisha na kwa sababu gani.

Wakati wa vita, serikali ya Japani iliyatumia mazoezi hayo kuwafundisha wananchi utii na kwenda kwa hatua moja. Baada ya kushindwa vita, matangazo hayo yalikoma mwaka 1947. Mwaka 1951 yakaanza tena kwa muziki mpya na mazoezi mapya. Mwaka uliofuata ikaongezwa sehemu ya pili, yenye mazoezi ya nguvu zaidi, iliyokusudiwa hasa watu wa makazini. Viwanda na wajenzi wa majumba waliyapokea, na hata leo katika sehemu nyingi za ujenzi wafanyakazi hujipanga asubuhi, hufanya mazoezi, kisha husomewa hatari za siku hiyo kabla ya kushika vyombo.

KUMBUKUMBU TAMU

Kwa nini watu wazima wayakubali mazoezi hayo kwa urahisi? Jibu ni utoto. Mwaka 1930 askari polisi mmoja wa mtaa wa Kanda, mjini Tokyo, aliwakusanya watoto wakati wa likizo ya kiangazi ili wafanye mazoezi pamoja alfajiri. Desturi hiyo ikaenea nchi nzima. Mtoto huvaa shingoni kadi yenye tarehe, na kila asubuhi anayohudhuria hupigiwa muhuri. Basi Mjapani mwenye umri wa miaka 50 akiusikia ule muziki, mwili wake huanza kwenda wenyewe, na moyo wake hurudi kwenye asubuhi za likizo, rafiki zake na wazazi wake walipokuwa bado hai.

Sisi pia tunazo kumbukumbu za namna hiyo. Waliosoma shule za msingi Tanzania wanaujua mchakamchaka: kukimbia kwa mistari asubuhi na mapema, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, na baridi ikisahaulika. Mtu akikumbuka hayo akiwa njiani kwenda shambani, hatua yake huwa nyepesi. Ni hazina, wala asione haya kuitumia.

Lakini wazee wa mashamba ya mkonge wanaikumbuka kadi nyingine. Nayo ilitiwa alama kila siku, jina lake kipande, na haikuwa mchezo wa watoto. Kwa hiyo tupende tunayoyakumbuka, lakini tusiache utamu wake ututie usingizi. Wimbo wa shule ukiimbwa kwenye uwanja wa kiwanda, bado uwanja ni wa mwenye kiwanda.

KESI YA NAGASAKI

Wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Mitsubishi, huko Nagasaki, walilazimika kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1973 kampuni ilibadilisha kanuni za saa za kazi. Kazi ilihesabiwa kuanza saa 2 kamili asubuhi, lakini saa hiyo mfanyakazi alitakiwa awe amekwisha kuvaa nguo za kazi na vifaa vya kinga, na awe amefika kwenye uwanja wa mazoezi ya viungo. Dakika za kuvaa na za kwenda uwanjani hazikulipwa. Jioni, dakika za kuvua nazo hazikulipwa.

Baadhi ya wafanyakazi walidai malipo. Kesi ikaenda mahakama hadi mahakama, na hukumu ya mwisho ya Mahakama ya Juu ya Japani ilitolewa tarehe 9 Machi, 2000, miaka 27 tangu kanuni hizo zibadilishwe. Mahakama ilisema kwamba saa za kazi hazitegemei yaliyoandikwa katika kanuni za kampuni. Hutegemea kama kweli mfanyakazi yuko chini ya amri ya mwajiri. Kwa kuwa kampuni iliwalazimisha kuvaa nguo na vifaa hivyo, na kuvivalia mle mle kiwandani, muda wa kuvaa na wa kwenda kwenye mazoezi ulikuwa muda wa kazi. Hali kadhalika muda wa kuchukua vifaa ghalani, na wa kunyunyiza maji kabla ya kazi ili vumbi lisitimke, kwa walioamriwa kufanya hivyo.

Si madai yote yaliyokubaliwa. Kutembea kutoka langoni hadi chumba cha kubadilishia nguo hakukuhesabiwa, wala kuoga baada ya kazi. Hata hivyo kanuni iliyothibitishwa ni kubwa: dakika inayoamriwa ni dakika ya kazi.

Fikra hiyo si ya Japani peke yake. Mkataba wa 30 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaohusu kazi za biashara na ofisi, unasema saa za kazi ni wakati ambao mwajiriwa yuko chini ya mamlaka ya mwajiri.

TUFANYE HESABU

Tuseme mfanyakazi anatakiwa afike dakika 15 kabla ya saa ya malipo, apange mstari, asikilize maneno ya msimamizi na kuchukua vifaa. Kwa siku 26 za mwezi, hizo ni dakika 390, yaani saa 6 na nusu. Kwa miezi 12 ni saa 78. Kwa kazi ya saa 8 kwa siku, ni karibu siku 10 za kazi bila malipo. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojazwa si cha mfanyakazi.

MWILI WA ASUBUHI

Asiwepo anayedhani kwamba tunapinga mazoezi. Mwili unayahitaji. Mtu akilala, vile vitu laini kama mito vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hunyonya maji na kuvimba kidogo. Ndiyo sababu asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni, na mgongo huwa mgumu kukunjika. Akiinama sana au kunyanyua mzigo mzito mara tu baada ya kuamka, uti wa mgongo hubeba shida zaidi kuliko baadaye. Kwa hiyo:

1. Uamkapo, usikimbilie kuinama. Simama, tembea, inua mikono, zungusha mabega. Dakika tatu zinatosha kwa kuanza.

2. Kunywa maji, na kula chochote ulichonacho kabla ya kuingia shambani au kwenye mashine. Uji mwepesi ni bora kuliko tumbo tupu.

3. Wakati wa zamu ya mapema, anza na kazi nyepesi ikiwezekana, mizigo mizito ifuate baadaye. Kamati ya tawi yaweza kuomba kazi zipangwe hivyo.

4. Jiwekee desturi moja ya kwako mwenyewe, isiyoamriwa na mtu: wimbo, sala, au maneno machache na jirani. Siku ambayo kila kitu kimeamriwa na mwingine humchosha mtu hata kabla ya jua kupanda.

Lakini mazoezi hayawezi kuchukua nafasi ya usalama. Pendekezo la 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo anaobeba mwanamume mtu mzima kwa mikono usizidi kilo 55. Gunia la kahawa la kawaida lina kilo 60. Hakuna kujinyoosha kunakoweza kufuta zile kilo 5. Dawa yake ni mkokoteni, watu wawili, au gunia dogo. Na mashine isiyo na kinga itamkata mwenye viungo vilivyochangamka sawasawa na mwenye usingizi.

KAZI YA TAWI

Mwajiri akileta mpango wa mazoezi au mkutano wa asubuhi, tusiukatae kabla ya kuuchunguza, wala tusiupokee kwa makofi tu. Tuulize: Je, kuhudhuria ni lazima? Asiyehudhuria ataadhibiwa, au jina lake litaandikwa? Dakika hizo zimo ndani ya saa za malipo? Wajawazito, wazee na walioumia wamefikiriwa? Majibu yaandikwe katika makubaliano, yasibaki mdomoni mwa msimamizi.

Tena chama chenyewe chaweza kuongoza. Mwaka 2010 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la mji wa Beijing, huko Uchina, lilihimiza mazoezi ya redio yarudi makazini, saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Angalieni saa hizo: ni katikati ya siku ya kazi, si kabla yake.

Ndugu zangu, kesho alfajiri amka, jinyooshe, imba wimbo wako. Nguvu hiyo ni yako, ya jamaa yako na ya wenzako. Ukifika langoni, angalia saa.