Kobe wetu hajafa, amelala

Wazazi wapendwa, mwezi wa saba watoto wa darasa letu walitujia mbio: eti kobe amekufa! Alikuwa amejizika chini ya majani makavu, hagusi chakula. Mmoja ameshashika jembe.

Huyu ni kobe yule ambaye gamba lake la nyuma hujifunga kama mlango wenye bawaba. Kiangazi kikikolea, majani mabichi na uyoga vinaisha, basi hujificha akalala mpaka mvua zirudi. Huku Kigoma ni kwenye Oktoba au Novemba. Ulaya kobe hulala wakati wa baridi, na wafugaji wengine huwaweka ndani ya friji!

Mwaka jana tulimfukua mmoja, tukamlazimisha kula. Baada ya siku chache akafa kweli. Kosa lilikuwa letu walimu, si la watoto.

Safari hii tulimgusa mguu tu, akauvuta ndani. Tukamfunika tena, tukanawa mikono kwa sabuni. Angekuwa na makamasi au macho yaliyobonyea, huyo ni mgonjwa, asingeachwa alale. Sahani ya maji iko karibu naye.

Mvua ya kwanza ikinyesha watoto watataka kukimbia kwenda kumwangalia. Tafadhali msiwazuie.