Tuyajue Maji Kabla ya Kuyazamia

Mgeni anayesimama Forodhani jioni huona majahazi, boti za abiria na visiwa vya Changuu na Chapwani. Mwenyeji anajua kuwa chini ya maji hayo yamelala magofu ya meli, na kila gofu ni sehemu ya historia ya Visiwa vyetu.

Mbele ya mji ilizamishwa meli ya Sultani iitwayo Glasgow, tarehe 27 Agosti, 1896, siku manowari za Kiingereza zilipolipiga kasri kwa mizinga katika vita visivyotimiza hata saa moja. Kwenye mwamba wa Fawatu iliharibika na kuzama, tarehe 31 Desemba, 1902, meli ya Kiingereza Great Northern, ambayo kazi yake ilikuwa kutandika nyaya za simu chini ya bahari. Tena, alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka katika maficho yake ya Rufiji ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga hapa Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia 38 walipoteza maisha, na baadhi yao wamezikwa Chapwani.

Siku hizi magofu hayo yamekuwa njia ya riziki. Wageni hulipa fedha ili wavae mitungi ya hewa na kuteremka kuyatazama. Hatuna sababu ya kulipinga jambo hilo. Tunalotaka kulieleza ni kwamba kuzamia kuna masharti yake, na masharti hayo hayamjui tajiri wala maskini, mgeni wala mwenyeji.

Great Northern imelala katika kina cha mita 12 hivi. Hapo jua hufika, chewa na mkunga huonekana, na mwanafunzi wa uzamiaji huweza kupelekwa na mwalimu wake bila hofu kubwa. Pegasus imelala katika kina cha mita 40 hivi, na huo ndio mpaka wa mwisho wa uzamiaji wa matembezi. Kwa macho ya mtu aliye juu ya mashua, maji ni yale yale. Kwa mwili wa mwanadamu, tofauti yake ni kama usiku na mchana.

Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo penye mita 40 mgandamizo ni mara tano ya ule wa nchi kavu, na mtungi ambao ungemtosha mtu kwa saa nzima juu ya maji humwishia kwa dakika 12. Aidha, kuanzia mita 30 hivi, naitrojeni iliyomo katika hewa huanza kuvuruga akili, na hata yule ambaye hajapata kuonja kileo maishani mwake huweza kulewa. Mtu wa namna hiyo husahau kuangalia saa na kipimo cha hewa yake.

Hatari kubwa zaidi imo katika kurudi. Naitrojeni iliyoingia mwilini huhitaji muda wa kutoka. Mzamiaji akipanda kwa pupa, hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kumpooza au kumuua. Ndiyo maana hufundishwa kupanda taratibu, asizidi mita 9 kwa dakika, kusimama dakika 3 penye kina cha mita 5, na kutozuia pumzi kamwe. Wahenga waliosema kuwa haraka haraka haina baraka hawakuuona mtungi wa hewa, lakini neno lao ni sheria ya kwanza ya mzamiaji.

Bahari nayo ina zamu zake. Siku za bamvua mkondo huwa mkali, na mzamiaji huweza kuchukuliwa mbali na mashua yake. Siku za maji mafu mkondo hupungua. Wakati wa kusi mawimbi huchafua maji na kupunguza umbali wa kuona. Na ndani ya gofu lenyewe, pezi moja likigusa tope, giza huingia ghafla na mlango huwa hauonekani tena. Mtu asiye na mafunzo, taa na kamba ya kumwongoza asithubutu kuingia.

Mambo hayo yote mgeni hufundishwa kabla hajatia mguu majini. Swali letu ni hili: je, kijana wetu naye hufundishwa? Katika pwani yetu wako vijana wanaozamia majongoo bahari kwa mitungi ya aina ile ile, katika vina vile vile, lakini bila ya kipimo cha kina, bila ya saa na bila ya mwalimu. Hushuka mara nyingi kwa siku moja na kupanda upesi ili wawahi kushuka tena. Wapo waliorudi nyumbani wamepooza miguu, na wapo ambao hawakurudi. Watu husema ni shetani wa baharini. Sisi tunasema ni naitrojeni, na dawa yake ya mwanzo ni elimu.

Hivyo basi, viongozi wanaohusika na uvuvi, utalii na afya tunawaomba mambo matatu. Kwanza, yeyote anayejaza mitungi asiiuze hewa kwa mtu ambaye hajafundishwa, na mashine yake isivute moshi wa injini, kwani moshi huo ni sumu inayoua kimya kimya. Pili, vijana wa vijiji vya pwani wapewe mafunzo kamili, ili wawe waongozaji na walimu wa uzamiaji, badala ya kuishia kubeba mitungi ya wengine. Tatu, kila mwenye mashua ajue mapema ni wapi pa kumpeleka mgonjwa wa mapovu, kwani huyo hutibiwa ndani ya chumba maalumu cha mgandamizo, na kila saa inayopotea humzidishia madhara.

Kwa wananchi wenzetu, tunakumbusha kuwa magofu haya ni amana. Anayeng'oa shaba kwa ajili ya kuiuza, au anayetupa nanga juu ya chuma kilichogeuka nyumba ya samaki, anawaibia wavuvi wa leo na watoto wa kesho. Mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg imewekwa pamoja katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na kila mtoto wa shule huweza kuitazama. Kilichobaki chini nacho kibaki mahali pake.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tuwafundishe vijana wetu wingi huo kabla bahari haijawafundisha yenyewe.